Mkono Ulioweza Debe Ukashindwa Shuka

Nyie wajukuu mnaosomea unesi, wekeni kalamu chini kwanza. Nyoosha mkono wako wa kulia, kiganja kitazame chini. Pita na kidole upande wa kidole kidogo mpaka ufike kwenye kifundo cha mkono. Hapo kuna kifupa kimetokeza. Sasa sogea kidogo kuelekea kiganjani, kwa pembeni. Kuna kishimo laini. Bonyeza. Hapaumi? Mshukuru Mungu uendelee na kazi zako. Kile kishimo kimenisumbua mimi tangu ujana wangu, na mpaka leo sijakielewa sawasawa. Mkisoma humu mkaona nimechanganya mambo, msiseme ni uzee. Nilichanganyikiwa tangu siku zile zile.

Shule mimi niliishia chini, nikajua kusoma Biblia na kuandika jina. Mengine nimejifunza kwa mikono. Kazi nilianza kwa kufua mashuka ya wagonjwa kwenye dispensari ya misheni, huku kwetu Iringa, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Halafu Dresa Filipo akaona mikono yangu haitetemeki, akanitoa kwenye beseni akaniweka kwenye bendeji. Dresa ndiye aliyekuwa anatibu vidonda na kufunga mifupa kwenye dispensari ndogo kama yetu. Daktari mwenyewe alikaa mjini, alikuja barabara ikikauka.

Dresa Filipo alikuwa mfupi, mpole, anaimba besi kanisani mpaka kioo cha dirisha kinatikisika. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, hakuweza kumkatalia mama mtu mzima jambo lolote. Mama akisema sindano iwe mkono wa kushoto, inakuwa wa kushoto. Lakini kwenye kugusa mgonjwa sijaona mwingine kama yeye. Alikuwa ananiambia, "Ana, anza kugusa mahali pasipouma. Ukianzia panapouma, mwili wote utajikaza na utakudanganya." Hilo liandikeni. Sasa chukueni kalamu.

Nilipotoka kwenye kufua, aliyeshika nafasi yangu alikuwa Rahabu. Binti mwembamba, mcheshi, ameolewa karibuni na Yona. Huyo Yona alikuwa anapasua mbao kule Mafinga, anarudi nyumbani kwa msimu, kwa hiyo Rahabu aliishi na mama mkwe wake, Mama Yona.

Kufua mashuka kule si kama mnavyodhani. Shuka la wodini likilowa linakuwa zito kama ndama. Mlikuwa mnashika wawili, mmoja huku, mmoja kule, kila mtu anasokota upande wake mpaka shuka linakuwa kamba na maji yanatoka. Siku hiyo nilipita pale uwanjani nikasikia Rahabu analia "Aii!", shuka likaanguka kwenye tope.

"We! Shuka la watu hilo!" nikamwambia.

"Dada Ana, mkono umekatika."

Nikautazama. Haukukatika. Haukuvimba. Haukuwa mwekundu. Mkono mzuri kabisa, unang'aa kwa sabuni. Nikamwambia aache deko, alifue upya. Akainama, akaliinua lile shuka zito vizuri tu, akalitia kwenye beseni. Mimi nikaona basi, mkono mzima. Akaanza kusokota, akalia tena.

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza.

Dresa Filipo alimkanda. Siku zile kila kitu kilikandwa. Maji ya moto na chumvi, kitambaa, halafu kidole gumba kinazama pale pale panapouma. Rahabu alikuwa anauma kanga yake asipige kelele, na akitoka pale mkono unauma kuliko alivyokuja. Tukaona labda hatujakanda vya kutosha, tukaongeza. Msicheke. Ninyi pia mna dawa zenu leo ambazo wajukuu wenu watazicheka.

Tulipoona kukanda hakufai tukafunga gango. Gango ni vile vipande vya mwanzi vya kushikiza mkono usijikunje. Mianzi kwetu haina shida, watu wanagema ulanzi, ile pombe ya mwanzi, sisi tulikuwa tunachukua makavu tunapasua na kulainisha kwa kipande cha chupa. Tulifunga kuanzia kiganjani mpaka nusu ya mkono, chini ya kiwiko. Kazi safi, hata mimi niliipenda. Rahabu akapumzishwa kufua, akaenda nyumbani.

Baada ya muda akaja Mama Yona mwenyewe. Mwanamke mrefu, amenyooka kama mti wa nyaya za simu, shuka jeusi begani, haketi mpaka aambiwe na akiambiwa anakataa.

"Filipo," akasema. Hakumwita dresa, alimjua tangu anachunga mbuzi. "Nataka kujua huu ni mkono wa namna gani. Debe la maji anabeba kichwani, halimwagiki hata tone. Jembe analima. Ukimpa mwiko asonge ugali, mkono unauma! Ukimpa shuka akamue, mkono unauma! Nimezeeka, nimeona vilema wengi. Sijaona mkono unaochagua kazi."

Dresa Filipo akatazama dari. Nami niseme ukweli, nilimwona mama yule ana hoja. Mkono ukiuma, unauma. Utaumaje kwenye mwiko uache kuuma kwenye jembe?

"Mama, tunaendelea kumwangalia," Dresa akasema kwa sauti ya kitoto.

"Mwangalieni haraka. Yona anarudi Pasaka. Akikuta bado mimi mzee ndiye ninayesonga ugali na mkewe amekaa anatazama, nitamrudisha binti kwao, na mwanangu nitamwambia atafute mwanamke mwenye mikono miwili. Sitafanya siri."

Na hakufanya siri. Kufika Jumapili kanisa zima linajua. Rahabu alikaa benchi la nyuma na gango lake amelifunika na kanga kama mtu aliyeiba kuku.

Hapa naruka kidogo, mnisamehe, maana kuna jambo litanitoka. Miaka ya mbele nilihamia upande wa Mbeya, nikafanya kazi karibu na Iyunga. Akaja mwanamume mmoja kutoka Chunya, mchimba dhahabu, anaumwa upande ule ule wa kidole kidogo. Nikajisifu moyoni, nikasema hii naijua. Nikafunga nilivyomfunga Rahabu. Haikusaidia kitu! Kumbe yule kidole kidogo chenyewe kilikuwa kimekufa ganzi na kile cha jirani yake nusu, kwa sababu mpini wa nyundo ulikuwa unamkandamiza kiganjani, kwenye mshipa wa fahamu. Alihitaji kubadili mpini na kupumzika, gango halikumhusu. Mwingine alianguka akajikinga na kiganja, yeye mfupa ulikuwa na ufa kweli. Mahali padogo pale pamejaa vitu kama sanduku la bibi harusi, ukifungua hujui utakuta nini juu. Kwa hiyo muulize mgonjwa, kidole kina ganzi? Ulianguka? Kifundo kinalia "kwa" ukigeuza? Kinauma ukifanya nini? Msifunge mkono kabla ya kuuliza. Basi, narudi kwa Rahabu.

Barabara ilikauka, daktari akaja, akamchukua kwenye gari mpaka mjini kupigwa picha ya mifupa. Tulingoja picha ile kama watu wanaongoja hukumu. Ikarudi. Daktari, aliyeileta mwenyewe pamoja na Rahabu, akaiinua dirishani, Dresa akaitazama, nami nikachungulia kwa nyuma. Mifupa yote mizima, imejipanga kama meno.

"Kwa hiyo haumwi?" nikauliza. Haikuwa adabu mimi kumwuliza daktari, lakini lilinitoka.

"Anaumwa," daktari akasema. "Picha inaona mfupa tu. Hapa katikati, kati ya mfupa wa mkono na vile vifupa vidogo vya kiganja, kuna kitu laini, kama kitambaa cha kuwekea chungu. Nafikiri kimechanika kidogo. Sina hakika."

Akamshika Rahabu mkono. Akamwambia anyooshe, akunje, hakuna shida. Akamwambia ageuze kiganja juu, chini, kama anazungusha funguo kwenye kitasa, huku yeye amemkazia. Rahabu akaruka. Hapo ndipo nikaelewa jembe. Jembe hupandisha na kushusha mkono, hauzunguki sana. Shuka huuzungusha. Mwiko kwenye sufuria ya ugali mgumu huuzungusha. Mkono haukuchagua kazi, ulikataa kuzungushwa na uzito juu yake.

Na gango letu zuri? Daktari akatuonyesha. Akashika kifundo changu cha mkono kisijikunje, akasema geuza kiganja. Kiligeuka. Tulikuwa tumefunga kifundo lakini mkono bado unazunguka ndani ya mianzi kama mchi kwenye kinu. "Mfungeni mpaka juu ya kiwiko, kiwiko kimekunjwa, kiganja kitazame tumbo," akasema. "Msimkande. Mwacheni hivyo wiki kadhaa." Akapanda gari lake, tusimwone tena mpaka baada ya mvua.

Tukafunga. Nikaweka pamba kwenye kiwiko, nikamalizia na fundo langu, ambalo nalificha kwa ndani, upande wa kwapa, mtu asilikwaruze. Siku za kwanza Rahabu akawa anatabasamu. Akasema amelala mpaka jogoo. Dresa akaimba kazini. Halafu, bila sababu, akarudi na uso umekunjamana. Panauma, kishimo kile kile, ukigusa tu anavuta mkono.

"Umekamua nguo?"

"Hapana, baba dresa."

"Umesonga ugali?"

"Mama mkwe anasonga mwenyewe. Ananisemea maneno wakati anasonga, lakini anasonga."

"Sasa unafanya nini?"

"Sifanyi kitu."

Tukafunga upya. Ikapoa. Ikarudi. Tukafunga upya. Dresa akaacha kuimba. Alisema labda daktari amekosea, labda ni baridi ya Mufindi imeingia kwenye kiungo, labda ni kifua kikuu cha mfupa, labda tukande kidogo tu, kidogo sana. Mimi nikamkatalia kukanda. Lakini sikuwa na la kusema badala yake, na Kwaresima ilishaanza. Rahabu alishaanza kukunja nguo zake kwenye kapu, aliniambia mwenyewe. Alisema heri aondoke kwa miguu yake kuliko kusindikizwa.

Jambo moja tu nilikuwa nimeliona. Nilipofungua bendeji, fundo lilikuwa kwa nje. Mimi silifungi kwa nje.

"Unaifungua nyumbani," nikamwambia.

Akatazama chini. "Nairudishia vizuri, dada."

"Kwa nini unaifungua?"

Akavuta kanga juu ya mkono. Nikamsema sana, nikamwambia ni mkaidi na atarudishwa kwao kwa ukaidi wake. Akalia.

Siku ile ile, nimeshamfunga upya, tumekaa benchi la nje pamoja na Dresa, Mama Yona akatokea njiani, anakuja kuuliza habari. Rahabu alipomwona tu, mkono wa kushoto ukaingia kwapani kama nyoka. Fundo likafunguka. Akachomoa mkono kutoka kwenye bendeji, gango likaanguka kwenye benchi. Akatoka, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akakutanisha viganja viwili, "Kamwene, mama." Mama Yona akaitikia, "Ee, kamwene." Halafu Rahabu akaweka kiganja cha kulia chini kwenye udongo, akajisukuma, akainuka.

Uso wake wakati anainuka ulikunjamana kwa maumivu, sitausahau. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Ukimwangalia mama mkwe, huoni. Mimi nilikuwa namtazama yeye.

Ninyi mnasalimia kwa kupunga. Kwetu mwanamke aliyeolewa hasalimii mkubwa amesimama, na hasalimii kwa mkono mmoja. Kiganja kimoja ni kama unamfukuza mtu. Sasa mkono umefungwa tumboni utaukutanishaje na mwenzake? Rahabu alikuwa anafungua bendeji kwa heshima. Mama mkwe asubuhi, shangazi za mume, wazee njiani kisimani, mke wa mwinjilisti. Kila mmoja anapigiwa magoti, na kila mara anajiinua na mwili wake wote juu ya kile kishimo.

Dresa alimkalisha Rahabu kwenye benchi, akamwambia, "Jiinue kwa mikono." Akaweka viganja, akasukuma, akalia "Aii!" kama siku ya shuka.

"Ni hapo," Dresa akasema. Uso wake ulifurahi, halafu ukaingia hofu, maana alielewa kinachofuata. Lazima mtu amwambie Mama Yona. Akanigeukia. "Ana, wewe ni mwanamke."

Nikamwambia mama yule hali ilivyo. Mkono usipopumzika, haupati nafuu. Kwa hiyo Rahabu asipige magoti mpaka tumfungue.

Mama Yona alinitazama mpaka nikatamani beseni langu la zamani.

"Kwa hiyo dawa ya mkono ni dharau," akasema.

"Mama, si dharau, ni—"

"Atanisalimia amesimama, kichwa chake na changu sawasawa kama wauza vitunguu? Wewe Ana, mama yako yupo hai?"

"Yupo."

"Nitamwuliza alikulea wapi." Akamgeukia Filipo. "Na wewe unakubali?"

Dresa Filipo, Mungu amrehemu, akafungua mdomo. Nilijua atasema mama afanye apendavyo. Akasema, "Mama, nakubali. Akipiga magoti mpaka Pasaka, mkono hautapona, na kosa halitakuwa la binti."

Mama Yona aliokota lile gango kwenye benchi, akampa Rahabu, akatangulia njiani.

Sikupata usingizi mzuri. Kulipokucha nikaenda kwao, nikijua nitamkuta Rahabu na kapu lake. Nilipofika uani nikasikia sauti ya Mama Yona lakini simwoni. Natazama mlangoni, hayupo. Jikoni, hayupo.

"Huku juu, kipofu we!"

Alikuwa amekaa juu ya kihenge cha mahindi. Kihenge chao kilijengwa juu ya nguzo, na mbele yake kuna kijukwaa cha miti cha kusimamia watu wakimimina mahindi. Amekaa pale, shuka jeusi begani, miguu inaning'inia, ngazi imeegemezwa pembeni. Na chini yake Rahabu amesimama, mkono umefungwa tumboni, anamsalimia kwa kuinamisha kichwa.

"Umeona amepiga magoti?" akaniuliza.

"Sijaona, mama."

"Umeona yuko juu yangu?"

"Yuko chini, mama."

"Basi nyamaza."

Jirani mmoja mzee alikuwa anapita, akacheka, akasema mwaka huu kuku wa Mama Yona wanataga wapi, maana mwenyewe amehamia juu. Mama Yona akamjibu kutoka kule kule, "Na wewe ukitaka kusalimiwa na mkwe wangu, panda! Hutaki, pita kimya!" Wazee wengine wa njiani walipita kimya. Mke wa mwinjilisti alipandishwa kwenye kinu kilichopinduliwa. Niliona kwa macho yangu.

Fundo langu likakaa kwa ndani. Wiki zikapita, likabaki kwa ndani.

Sasa mtaniuliza, kilichomponya ni nini? Gango refu? Kutokukandwa? Kihenge? Sijui. Yule daktari naye alisema hana hakika. Wengine niliowafunga vile vile wakaachishwa kazi za kuzungusha hawakupona, ikabidi waende hospitali kubwa, na wengine walipona hata kabla sijamaliza bendeji. Ninachowaambia ni kwamba mkono mnaoufunga unarudi nyumbani kwa mtu. Mfuateni mpaka uani.

Tulimfungua Rahabu Yona alipofika na lori la mbao, nywele bado zina unga wa msumeno. Mkono ulikuwa umekonda. Nikaanza kugusa mahali pasipouma. Halafu kishimo. Kimya. Nikampa taulo dogo akamue, halafu kubwa zaidi. Akajiinua kwenye benchi, polepole. Kimya. Tukampeleka nyumbani, mimi, Yona na Dresa, maana kila mtu alitaka kuona.

Mama Yona alikuwa juu ya kihenge chake. Rahabu akapiga magoti uani, akakutanisha viganja viwili, "Kamwene, mama." Akaweka kiganja chini, akainuka.

"Rudia," Mama Yona akasema. "Sikuuona mkono."

Akarudia. Uso haukukunjamana.

Mama Yona akageuka, akaweka mguu kwenye ngazi, ngazi ikateleza pembeni. Yona alikuwa mbali. Rahabu akanyoosha mkono, ule ule wa kulia, na yule mama mrefu akauangukia na uzito wake wote. Mimi nikafumba macho.

Nilipofumbua, Mama Yona alikuwa amesimama uani, hajaachia ule mkono. Ameugeuza kiganja chini, ametafuta kile kifupa, amesogea kidogo kuelekea kiganjani kwa pembeni, anabonyeza kishimo kwa kidole gumba, taratibu sana. Hatukuwahi kumfundisha.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo, mama. Hapaumi."

"Ingia ndani," akamwambia. "Maji ya ugali yanachemka." Na mwiko akaushika yeye mwenyewe, Mama Yona.